Mrejesho: Lupasi na ini la Mama

Mwezi uliopita niliuliza kama macho ya Mama, mwenye umri wa miaka 68, yangeweza kuwa ya manjano kwa sababu ya lupasi aliyo nayo (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), ilhali vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha virusi. Jibu tumelipata hapa Nairobi, baada ya daktari kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano, kwa kuwa kingamwili za damu (protini za kinga ya mwili), ambazo nyingine huonekana katika lupasi na pia katika homa ya ini inayoletwa na kinga ya mwili, hazikutosha kuyatenganisha magonjwa hayo mawili. Kinga ya mwili wake inashambulia ini pia. Ni ugonjwa wa pili, unaojitegemea. Mimi nilidhani ni uzee, na ninasikitika sana kwamba nilichelewa. Sasa anatumia prednisoloni na azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, na vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini linapoumia, vimeanza kushuka. Kwa umri wake, prednisoloni ndiyo inayonitia hofu, maana inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa, hivyo vyote vinafuatiliwa huku daktari akipunguza dozi polepole. Asanteni mliosisitiza kwamba asiiache ghafla. Alikuwa ameshaanza kuruka vidonge.