Mfuko wa kumbukumbu wa kusomea watoto nyumbani, Iloilo: tuanzie wapi?

Mwanzisha mada: Mtunza_Rafu

Wadau, habari za leo. Kuna familia ya Kifilipino inataka kumuenzi mama yao, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuanzisha mfuko wenye jina lake. Lengo ni wazazi na akina bibi kuwasomea watoto wa miaka 3 hadi 8 nyumbani. Eneo ni barangay mbili (barangay ni kama kijiji au mtaa, ngazi ya chini kabisa ya serikali huko) za mkoa wa Iloilo, familia 30 kwa kuanzia. Zipo peso 150,000. Wengine kwenye familia wanataka kijengwe chumba cha maktaba, wengine wanataka vitabu tu. Naomba ushauri wa usajili, vitabu, na namna ya kuendesha.

Jibu la 1: Wakili_wa_Vitabu

Pole kwa wafiwa, na hongera kwa wazo.

Msianze na usajili. Ufilipino, shirika lisilo la faida husajiliwa SEC, tume inayosajili kampuni. Mkitaka kuitwa "foundation" mtatakiwa kuonyesha mtaji wa kuanzia wa peso 1,000,000. Hamna. Ili mfadhili apate nafuu ya kodi, shirika lazima likaguliwe na PCNC, baraza linalothibitisha mashirika yasiyo ya faida, kisha lipate kibali cha mamlaka ya kodi, BIR. Baada ya hapo gharama za ofisi haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya matumizi. Kwa peso 150,000, karatasi zitakula vitabu.

Njia nyepesi: tafuteni shirika la elimu ambalo tayari lina kibali cha BIR, muwekeane mkataba wa mfuko mdogo wenye jina la marehemu ndani yake. Mkataba utaje mambo manne: nani anaidhinisha malipo, shirika linakata asilimia ngapi, taarifa inatoka kila baada ya miezi mingapi, na vitabu vinabaki mali ya nani mkataba ukivunjika. Hilo la nne ndilo watu husahau.

Jengo, hapana. Sheria ya Jamhuri Na. 7743 ya mwaka 1994 tayari inataka kila barangay iwe na kituo cha kusomea. Kaeni na kapteni wa barangay muombe kona ya kituo cha kulelea watoto, ambacho mama wanakifikia kila siku.

Na jambo hili mlishike sana: msikabidhi vitabu kama zawadi kwa barangay wala kwa shule. Vikishapokelewa rasmi vinakuwa mali ya serikali na kuingia kwenye orodha ya vifaa, na kikipotea kimoja, aliyetia saini ndiye anayeulizwa. Matokeo yake anavifungia kwenye kabati la vioo. Si uchoyo, analinda mshahara wake. Vitabu vibaki mali ya mfuko, barangay itoe nafasi tu, na muandikiane hivyo.

Jibu la 2: Bi_Kurasa

Nakubaliana na Wakili. Nije kwenye vitabu.

Iloilo nyumbani wanaongea Kihiligaynon (wengine Kikinaray-a, ulizeni kabla ya kununua). Vitabu vya picha vya wachapishaji wa huko, kama Adarna House, vingi vina Kifilipino na Kiingereza kwenye ukurasa mmoja. Bibi anavielewa, lakini akisoma Kifilipino kwa sauti anakuwa kama anatoa hotuba, na mtoto anapoa. Tangu Sheria ya Jamhuri Na. 12027 ya mwaka 2024, shule hazilazimiki tena kufundishia kwa lugha ya nyumbani katika madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo mkeka wa nyumbani ndiyo sehemu ambayo lugha hiyo bado ina nafasi yake yote. Andikieni mchapishaji kuomba ruhusa ya kubandika tafsiri ya Kihiligaynon chini ya maandishi. Msibandike bila ruhusa ya maandishi, haki ya kutafsiri ni ya mwenye kitabu.

Hesabu: chagueni vitabu 40, nakala 4 kila kimoja, jumla 160. Nakala 3 zinatumika, 1 ni akiba ya kuziba pengo. Gaweni vitabu 40 katika seti 10 za vitabu vinne vinne, A hadi J, kila seti mifuko mitatu ya kubebea, kila mmoja na nakala moja ya kila kitabu cha seti. Hiyo ni mifuko 30, familia 30. Kila Jumamosi mfuko unarudi, familia inachukua herufi inayofuata. Wiki 10 kila nyumba imepitia vyote. Kwa wastani wa peso 150 kwa kitabu ni peso 24,000.

Makontena ya vitabu vilivyotumika kutoka Marekani, kataeni kwa adabu. Vingi huwa ni vitabu vya kiada vilivyopitwa na wakati, na hadithi za theluji zinamchosha mzazi kueleza kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Unyevu ndio adui mkubwa. Tumieni masanduku ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, vifuko vya kufyonza unyevu ndani, na rafu iwe juu ya kiwango cha mafuriko cha hapo kijijini. Kitabu kikirudi kimelowa, kisianikwe juani, jalada litajikunja. Wekeni karatasi za tishu kila baada ya kurasa chache, kisimame wima kivulini penye upepo, tishu zibadilishwe mara kwa mara. Kikiota ukungu kitoeni kabisa, kitaambukiza sanduku zima.

Jibu la 3: Msomaji_wa_Mkekani

Vitabu bila mafunzo kwa mzazi havifiki mbali. Kosa la kawaida ni mwezeshaji kuwasomea watoto huku wazazi wamekaa nyuma wanachati. Mgeuzeni: mzazi ndiye mwanafunzi. Dakika 10 mwezeshaji anaonyesha, dakika 20 kila mzazi anasoma na mtoto wake, mwezeshaji anazunguka, dakika 10 za kubadilisha mifuko. Inatosha.

Kinachofundishwa ni kusimama na kuuliza. Ukurasa una nyati wa shambani amelala kwenye tope. Mama anaonyesha kwa kidole: *Ano ini?* Ni nini hiki? Mtoto: *Karbaw.* Mama anaongeza neno moja: *Huo, dako nga karbaw*, ndiyo, nyati mkubwa, mtoto anarudia. Kisha *Ngaa?* Kwa nini amelala topeni? Hapo mama anyamaze, ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Wengi hujibu wenyewe kwenye mbili, na mtoto anajifunza kwamba jibu lake halisubiriwi.

Mzazi asiyejua kusoma asiachwe nje. Anasimulia kwa picha, na maswali ni yale yale.

Kuhusu vitabu kupotea: msitoze faini. Atakayeona aibu hatarudi, na mtakuwa mmepoteza familia kwa peso 150. Pale Makati, Hernando Guanlao alianza mwaka 2000 kuweka vitabu nje ya nyumba yake kwa kumbukumbu ya wazazi wake, bila kadi wala tarehe ya kurudisha, na vitabu viliongezeka badala ya kuisha. Mifuko yenu inahitaji daftari kwa sababu ya mzunguko, ila liandikwe herufi ya seti na jina la familia tu.

Mtunza_Rafu

Asanteni sana. Swali moja limebaki. Kama familia 8 hivi, mama yuko Hong Kong au Riyadh kikazi. Hao tuwafanyeje?

Msomaji_wa_Mkekani

Ni wa kupewa kipaumbele, wala si wa pembeni. Hong Kong saa ni ile ile ya Ufilipino, kwa hiyo mama anaweza kupiga simu ya video mtoto anapoenda kulala, mwajiri akimruhusu. Riyadh iko nyuma saa 5: saa 2 usiku Iloilo ni saa 9 alasiri kule, mama yuko kazini. Huyo arekodi sauti. Tumieni zile nakala za akiba, mmtumie kitabu kimoja, na pacha wake abaki kwenye mfuko wa nyumbani. Asome polepole, agonge glasi kwa kijiko kila anapofunua ukurasa, na aache kimya baada ya kila swali. Bibi anashika simu, mtoto anafunua kurasa mwenyewe anaposikia mlio.