Mtoto aliyezaliwa kwa miezi saba anarudi Shela: nianzie wapi na bibi zake?

Baba_Shela: Assalamu alaikum. Mwanetu alizaliwa Malindi kwa wiki 31, sasa amefika kilo 1.9 na tunaruhusiwa kurudi kwetu Shela, kisiwani Lamu. Mke wangu amefundishwa yote wadini hospitalini, hata kumlea kifuani ngozi kwa ngozi. Lakini mamangu na mamake ndio watakaomlea naye, na hawajamwona. Washaandaa ubani, asali na wanja. Nitawaelezaje bila kuwavunjia heshima?

Nesi_Mstaafu, Malindi: Wa alaikum salaam mwanangu, hongera. Kabla hamjaondoka, omba wadini bibi mmoja aje akae na mkeo japo siku moja. Akishamshika mtoto mbele ya nesi, nyumbani hakuna ubishi. Na mkeo asiwahutubie. Afanye, nao wafanye, yeye atazame. Mimi aliyeniitikia "naam" kwa kila neno ndiye niliyemwomba anionyeshe.

Kubwa ni kifua. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, akae wima ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande, shingo isikunjike, leso imkaze. Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Mzazi peke yake atachoka, na bibi ana kifua, nawe pia unacho! Wape zamu, hapo ndipo heshima yao ilipo.

Ubani utoke nyumbani kabisa, mapafu hayo bado machanga. Asali asipewe mpaka atimize mwaka. Wanja usiguse macho; kuna wanja wenye madini ya risasi, nayo ni sumu. Tena ulizia miadi ya daktari wa macho, maana aliyezaliwa mapema hivi lazima aangaliwe retina, sehemu ya nyuma ndani ya jicho. Chanjo zifuate siku aliyozaliwa, si siku aliyotarajiwa.

Mama_Matondoni: Na boti ya kumkimbiza hospitali! Elewana na nahodha mapema, atakayepokea simu usiku.

Nesi_Mstaafu: Kweli kabisa. Akikataa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akiwa baridi hata kifuani, joto likifika 37.5, viganja au nyayo zikiwa manjano, kifua kikibonyea akivuta pumzi, au pumzi zikifika 60 kwa dakika ametulia, ondokeni. Msingoje alfajiri. Wafundishe bibi zake kuhesabu hizo pumzi dakika nzima, kwa saa ya mkononi.

Baba_Shela: Mamangu amekubali, anapanda basi kesho. Anauliza aje na leso?

Nesi_Mstaafu: Aje nazo mbili, zilizofuliwa zikakauka juani. Akate na kucha.