Naomba ushauri: watoto watatu wadogo, Legoland Dubai mwezi wa 12, tunatokea Dodoma

BabaWatatu_Ilazo:
Wakuu, heshima kwenu. Shule zikifunga Desemba tunatarajia kwenda Dubai siku sita, mimi, mama watoto na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 6, wa pili 4, wa mwisho mwaka mmoja na nusu. Video za bustani za michezo wameshaziona zote, nyumbani sasa hakuna mada nyingine. Naomba kujua: twende Legoland (bustani ya michezo ya vitofali vya Lego), IMG Worlds (bustani nyingine ya michezo), au zote mbili? Huyu wa mwisho atafaidi nini? Tarehe zipi zina nafuu ya foleni? Na yapi niyamalize nikiwa bado huku Dodoma? Bei za tiketi msihangaike nazo, zinabadilika, nitaangalia mwenyewe.

FutiKamba:
Mkuu, kabla hujafungua tovuti yoyote tafuta futi kamba. Michezo mingi kule haiulizi mtoto ana miaka mingapi, inauliza ana sentimita ngapi. Mvue viatu, msimamishe visigino vikigusa ukuta, laza kitabu kigumu juu ya kichwa, chora alama kwa penseli, kisha pima. Pima asubuhi na jioni halafu shika namba ndogo, maana mtu hupungua kidogo siku ikienda.

Mipaka ya kawaida kwenye bustani za aina hii ni 90, 100, 105, 120, mingine hadi 140. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kati wa miaka 6 ana kama sentimita 115 au 116, wa miaka 4 ana 103, wa mwaka mmoja na nusu ana 81 au 82. Kwa hiyo kazi yako iko kwa huyo wa pili. Akiwa na 102 anapanda vitu ambavyo mwenye 99 anaishia kuviangalia, na ukishamwahidi nyumbani, kilio utakibeba mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya bustani, andika kila mchezo na urefu wake, weka alama unaomhusu kila mtoto.

Mhudumu akikataa usibishane naye. Chuma cha kumfunga abiria kimetengenezwa kikae juu ya nyonga. Kwa mtoto mfupi kinabaki hewani, na gari likishuka ghafla anateleza kutokea chini yake. Na kama binti amesukwa nywele za kusimama, wanazibonyeza kwanza ndipo wanapima.

MamaKisasa:
Kwa umri wa hao watoto, Legoland. Imekusudiwa miaka 2 hadi 12, na iko ndani ya Dubai Parks and Resorts, upande wa Jebel Ali kwenye barabara ya kwenda Abu Dhabi. Kuna eneo la Duplo, vile vitofali vikubwa, kwa wadogo kabisa, huyo wa mwisho atakaa huko bila kukataliwa kila mlango. Miniland, ile miji midogo ya vitofali, iko ndani kwenye kiyoyozi, kwa hiyo ndiyo sehemu ya kukimbilia jua likiwa kali. Wa miaka 6 na wa miaka 4 watapenda zaidi shule ya udereva, na hapo ndipo umri unapoulizwa: wa miaka 3 hadi 5 wana uwanja wao mdogo, wa 6 hadi 13 wanaendesha kwenye barabara yenye taa. Waambieni mapema kwamba watatenganishwa, la sivyo wa pili atagoma.

IMG yote iko chini ya paa moja lenye kiyoyozi, ina Marvel, Cartoon Network na madinosaria. Ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya utamu wake ni ya watoto warefu, na yale madinosaria yanayonguruma gizani humtisha mtoto wa miaka 4. Zote mbili ndani ya siku sita inawezekana, ila ziachanishe kwa siku moja ya kupumzika. Mimi ningechukua moja.

Mzee_wa_Tarehe:
Desemba umechagua vizuri, ila chagua na wiki. Tarehe 2 na 3 ni sikukuu ya taifa ya Falme za Kiarabu, bustani hujaa wenyeji. Katikati ya mwezi shule zao nazo hufunga, na foleni haziishi hadi Januari imeanza. Nafasi yako ni ule upenyo wa kati, kama tarehe 5 hadi 12. Tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili na Ijumaa ni nusu siku, kwa hiyo bustani uiweke Jumanne au Jumatano. Mtu asikudanganye kwamba Jumapili ni siku ya kazi kule, hiyo ilikuwa zamani.

Chipukizi_Nzuguni:
Mwezi wa 6 hoteli ni bei chee wakuu. Na sisi watu wa Dodoma joto tumelizoea, tuache uoga.

Mzee_wa_Tarehe:
Mdogo wangu, la kwetu ni joto kavu. Jasho linakauka mwilini na upepo wa huku unasaidia. Dubai iko baharini. Kuanzia Juni hadi Septemba kipimo kinapita 40 na hewa imejaa unyevu, jasho linabaki palepale na mwili haupoi. Mtoto mdogo ndiye anayewahi kuzidiwa. Ukilazimika kwenda mwezi wa 6, basi IMG, ya nje sahau.

Afisa_Karatasi:
Nakuja kwenye makaratasi, maana safari nyingi za familia hukwama hapa. Kila mtoto anahitaji pasipoti yake, hata huyo anayenyonya. Ada ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja, fomu inajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, na utahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na vielelezo vya wazazi. Linganisha majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti, viza na tiketi. Kosa la kawaida ni jina la tatu. Cheti kina jina la babu, fomu imejazwa jina la ukoo, na mfumo unawaona ni watoto wawili tofauti. Rekebisha cheti kwanza, usianze na pasipoti.

Pasipoti zibaki na uhai wa miezi 6 au zaidi siku ya kusafiri. Viza ya Dubai huombwa kabla, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza zote tano hazijatoka. Nimesema zote tano kwa sababu ya mtoto mmoja kucheleweshewa ya kwake huku wengine wote wameshapata. Na ikitokea mzazi mmoja abaki, anayesafiri na watoto awe na barua ya ridhaa ya yule anayebaki, yenye muhuri wa wakili, na nakala ya kitambulisho chake.

Nesi_Makole:
Upande wa afya. Bebeni paracetamol ya maji, ORS pakiti nne au tano, kipimajoto na plasta. Dawa yoyote yenye codeine au tramadol iacheni nyumbani, kule zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali, hata kama huku uliandikiwa hospitali. Dawa ya kawaida ya mtoto ibaki kwenye boksi lake na cheti cha daktari.

Lingine watu husahau. Mtoto akipata homa mkiwa kule au wiki chache baada ya kurudi, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe: tumetoka Tanzania, pima malaria. Daktari wa nchi isiyo na malaria atafikiria mafua kwanza, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kuchelewa siku moja ni hatari.

Ndani ya bustani wanywe maji kidogo kidogo kila dakika 15 hadi 20, msisubiri waombe. Ndege ikianza kushuka, mdogo anyonye, wakubwa wapewe kitu cha kutafuna au kunywa, masikio yafunguke.

BabaWatatu_Ilazo:
Aisee, asanteni sana. Nimekaa na kalamu hapa. Dada Nesi, hilo la malaria sikuwa nalo kabisa kichwani.

Fundi_Simu:
Mkuu, kuna mtego wa simu. WhatsApp kule inatuma ujumbe na picha vizuri, lakini kupiga simu kwa WhatsApp kumefungwa. Sasa wewe uko Duplo na mdogo, mama yuko kwenye foleni na wakubwa, mnategemea kupigiana WhatsApp: haitoki. Kila mzazi awe na laini inayopiga simu ya kawaida, nunueni uwanja wa ndege kwa pasipoti. Tiketi za bustani zipigeni picha ya skrini, msitegemee intaneti pale getini. Chaja zenu za pini tatu bapa zinaingia kule bila adapta.

Mtoto kupotea: kila asubuhi wapige picha wakiwa na nguo za siku hiyo, kabla ya kutoka hotelini. Andikeni namba ya laini ya kule, siyo ya hapa, kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mkono, kisha mpake juu yake plasta ya maji isiyo na rangi. Watoto wetu wanaongea Kiswahili tu, na mhudumu pale anaweza kuwa Mfilipino au Mhindi, hivyo wafundisheni kwa Kiingereza sentensi moja ya kusema nimepotea na majina kamili ya wazazi. Mtoto akiulizwa jina la mama akasema "Mama Junia", hakuna kipaza sauti kitakachomsaidia. Polisi ni 999, gari la wagonjwa 998.

MamaKisasa:
Niendelee na siku yenyewe. Tofauti ya saa ni moja tu, wao wako mbele, kwa hiyo usingizi wa watoto hauvurugiki. Tiketi ikisema 10:00 ni saa 4 asubuhi. Muwe getini nusu saa kabla, na mkiingia msisimame mchezo wa kwanza mlangoni kama umati wote unavyofanya. Nendeni moja kwa moja mwisho wa bustani, mrudi mkija mbele. Saa mbili za kwanza ndizo zenye foleni fupi, tumieni kwa ile michezo mliyoipigia alama. Saa 6 hadi saa 8 mchana iwe chakula, Miniland na usingizi wa mdogo ndani ya kigari.

Mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mwambieni mhudumu wa mlangoni kwamba mnataka kubadilishana. Mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnapokezana bila kupanga foleni upya. Ni utaratibu wa kawaida lakini hawautangazi, lazima uombe.

Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi isipokuwa cha mtoto mchanga, kwa hiyo uji wa mdogo ubebwe kwenye chupa ya joto bila wasiwasi. Viatu viwe vya kufunga, ndala zinadondoka ukiwa juu. Soksi jozi moja ya ziada kila mtoto, maana sehemu za kuchezea zenye magodoro haziruhusu miguu mitupu. Na michezo mingi inakutolea dukani, wameipanga hivyo kwa makusudi. Mpe kila mtoto noti yake ya dirham asubuhi, ikiisha imeisha. Dola moja ni kama dirham 3.67, haipandi wala haishuki.

Abiria_SGR:
Kutoka Dodoma, treni ya SGR ndiyo raha ukiwa na watoto, wanatembea behewani. Mtoto wa chini ya miaka 4 hakatiwi tiketi, wa 4 hadi 12 ni nusu nauli. Huyo wa miaka 4 umkatie. Ila msiunganishe treni na ndege siku moja, laleni Dar. Kigari cha mtoto hukabidhiwa mlangoni mwa ndege, lakini viwanja vikubwa mara nyingi hukirudisha kwenye mkanda wa mizigo na siyo mlangoni, na kutoka hapo ni mwendo mrefu. Mbeleko iwe kwenye begi la mkononi.

BabaWatatu_Ilazo:
Nimebakiza mawili. Teksi au treni kwenda Legoland? Na kuna Legoland Water Park pembeni, tuingie?

Abiria_SGR:
Teksi ndogo inabeba abiria wanne, nyinyi ni watano, na mtoto anahesabiwa. Ombeni hotelini gari la viti saba. Watoto wakae nyuma. Treni ni rahisi zaidi mfukoni: metro ya Red Line hadi kituo cha Ibn Battuta, halafu basi DPR1 linaloingia Dubai Parks. Lakini ndani ya treni hakuna kula wala kunywa, faini ni dirham 100, na biskuti ya mtoto nayo ni chakula. Nendeni kwa treni, rudini kwa gari. Jioni watatu wote watakuwa wamelala.

Kiherehere_AreaC:
Nyie mnakomaa na Dubai, kwa nini asiende Disneyland Paris?

Afisa_Karatasi:
Viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, inataka bima ya euro 30,000 kwa kila msafiri, na Desemba kule ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Wakikua.

MamaKisasa:
Water Park ina tiketi yake, tofauti na ya Legoland. Ingieni siku nyingine, kati ya saa 5 na saa 9 alasiri tu, maana Desemba upepo wa jioni ni baridi na mtoto aliyelowa anatetemeka haraka. Taulo na sweta kwa kila mmoja. Kwa mdogo pampasi ya kawaida haifai: inanyonya maji ya bwawa, inavimba, inapasuka, na wahudumu watamtoa. Nunueni zile za kuogelea, ambazo hazinyonyi maji, zinazuia uchafu tu. Mkojo unapita, kwa hiyo msimvalishe ndani ya gari, avalishwe pale pale chumba cha kubadilishia. Bebeni tatu, na mfuko wa plastiki wa kuwekea zilizolowa.