Darasa la kwanza Guangzhou: shule ya serikali ya Kichina, ya lugha mbili, ya kimataifa, au mtoto arudi kwa bibi?

BabaZai_Xiaobei
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa waliopita njia hii, siyo wa kuhadithiwa. Kijana wangu wa kwanza anamaliza chekechea Julai, Septemba anatakiwa aanze darasa la kwanza. Tuko Guangzhou miaka kadhaa sasa. Nyumbani tumegawanyika. Mama yake anataka shule ya lugha mbili kwa sababu ina Kiingereza. Mimi naona ya serikali inatosha, mtoto mwenyewe Kichina kimemkaa kuliko mimi, ndiye anayenikalimania kwa mwenye nyumba. Shemeji anasema tujikaze twende ya kimataifa. Bibi yake kule Tanga kila akipiga simu anasema mrudisheni, mtampoteza. Hao wa lugha mbili wanataka pesa ya kushika nafasi kabla ya tarehe 30. Nishikeni mkono.

Kontena40
Mkuu, maelezo marefu halafu ya muhimu umeyaacha. Mtoto ana pasipoti gani? Mama ni Mbongo au Mchina? Kama mama ni Mchina na mtoto ana uraia wa huku, zile shule za watoto wa wageni hawampokei hata uende na gunia la hela. Zile ni za wenye pasipoti za nje tu. Halafu uko kwa viza gani? Kama unazunguka na M, ile ya biashara, kila ikiisha unatoka unarudi, shule ya serikali isahau, bila kibali cha kuishi hata fomu hupewi. Na mfuko wako ukoje?

MamaLayla_Foshan
Kaka, peleka shule ya Kichina. Wangu wawili wako huko, mkubwa yuko la tano. Kwetu hapa ada hatulipi, tunalipia chakula na sare basi, ingawa kila wilaya ina utaratibu wake, usiniamini mimi, nenda kaulize ofisi ya elimu ya wilaya yako. Uende na mkataba wa nyumba na ile karatasi ya polisi ya kujiandikisha makazi. Sisi usajili ulikuwa mwezi wa tano, kwa hiyo hizi wiki ndizo zenyewe.

Ugumu siyo kwa mtoto, ni kwako. Grupu la wazazi la WeChat halilali. Mwalimu anaandika usiku, kesho waje na majani makavu kumi, gundi na picha ya babu. Unatafsiri, simu inakwambia "leteni majani ya mzee". Hapo utamwita jirani.

Yiwu_Damu
Yote haya ni kwa sababu mmeng'ang'ania Guangzhou. Hamieni Yiwu. Shule zimeshazoea watoto wa Kiarabu, wa Kihindi, sisi pia tupo. Soko liko hapo hapo, kodi ya nyumba nafuu.

Kontena40
Yiwu_Damu, mtu kauliza shule ya mtoto, wewe unamhamisha mkoa.

BabaZai_Xiaobei
Samahanini, nilikuwa godauni. Pasipoti zetu wote ni za Tanzania. Nina kampuni na kibali cha kazi, mama na watoto waliingia kwa S1, viza ya familia, vibali vya kuishi tunavyo. Bajeti ni ya kawaida.

Kontena40
"Ya kawaida" ni yuan ngapi mkuu? Shule kubwa za kimataifa hapo mjini kwako zinapita 200,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Wanaopeleka huko wengi wanalipiwa na kampuni au ubalozi. Wewe na mimi wa kupakia vigae, tuongee lugha yetu.

BabaZai_Xiaobei
Basi nusu ya hiyo siwezi. 60,000 naweza nikijibana.

Mzee_wa_Fapiao
Hiyo 60,000 ndiyo iliyonifanya nijiunge na jukwaa hili, kaa nikusimulie. Jiji sitaji, shule sitaji.

Miaka kadhaa nyuma nilimwingiza binti yangu shule ya lugha mbili. Siku ya kutembelea walituwekea mwalimu Mzungu mlangoni, anapeana mikono na kila mzazi. Darasa lina kapeti, vitabu vya Kiingereza ukuta mzima. Mke wangu machozi yakamtoka. Nikalipa mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu walisema nitapunguziwa asilimia kumi. Mkataba kurasa tisa, Kichina kitupu, nikasaini. Najua mtaniambia, nimeshajiambia mwenyewe.

Oktoba yule Mzungu hayupo. Nikauliza, nikaambiwa anafuatilia viza. Hakurudi tena. Kiingereza kikabaki dakika arobaini kwa siku, tena kwa kuimba. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba shule binafsi za aina ile, kuanzia la kwanza hadi la tisa, lazima zifundishe mtaala wa taifa. Kwa hiyo binti yangu alikuwa anasoma yale yale ya shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, tofauti kapeti. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya wao tukarudi, tangazo kwenye grupu: shule imeunganishwa na nyingine, kilomita ishirini na kitu kutoka kwetu, basi la shule mnajilipia. Nikaenda kudai hela ya muhula wa pili. Wakaniomba stakabadhi. Nikatoa ile karatasi yangu yenye muhuri mwekundu, nimeitunza kama cheti cha ndoa. Mhasibu akaitazama, akasema hii siyo fapiao, ile risiti rasmi ya kodi, hii ni shouju, stakabadhi ya kawaida tu.

Miaka saba nafanya biashara China! Bidhaa ya yuan mia tatu naidai fapiao, ada ya mwanangu nikapokea karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Nilienda mara sita. Mwisho nikarudishiwa kama robo, na ni kwa sababu mama mmoja wa Kichina, mzazi mwenzangu, alikaa pale ofisini siku nzima na mtoto mgongoni, anapiga kelele kwa niaba yetu sote. Binti nikamhamishia serikalini, wakamrudisha darasa moja nyuma kwa sababu herufi alizotakiwa kujua hakuzijua.

Pesa ya kushika nafasi USILIPE kabla hujaona fapiao na kabla mtu wako hajakusomea mkataba.

Dogo_wa_Wuhan
Pole sana mzee wangu, shikamoo. Ila hapo kosa ni la mkataba, siyo la shule zote za lugha mbili. Mimi nafundisha Kiingereza watoto…

Mzee_wa_Fapiao
Marahaba. Unafundisha kwa viza ya mwanafunzi? Futa hiyo haraka.

Dogo_wa_Wuhan
Nilimaanisha nawasaidia tu marafiki 😅

MamaLayla_Foshan
Hilo la herufi ni kweli, wazazi wengi hawalijui. La kwanza na la pili pekee wanatakiwa watambue herufi kama 1,600 na waweze kuandika 800. Wanaanza na pinyin, yaani Kichina kwa herufi za a-b-c, wiki chache halafu wanakimbia. Mtoto anayeongea Kichina cha chekechea na cha uwanjani asidhaniwe anajua kusoma. Watu wanasema tangu ile sera ya 2021 ya kupunguza mzigo, la kwanza na la pili hawapewi kazi za kuandika nyumbani. Ni kweli hawapewi. Lakini imla ipo, kusoma kwa sauti kupo, na sahihi ya mzazi inatakiwa.

Chakula pia, kama nyie ni Waislamu. Nguruwe yumo hata kwenye mboga. Mimi nilizungumza na mwalimu wa darasa, wangu wanabeba chupa ya kutunza joto. Wiki ya kwanza darasa zima lilikuja kunusa pilau. Sasa mwalimu mwenyewe anauliza Ijumaa kuna nini.

Mwl_Mstaafu_Tanga
Wanangu, mimi niko huku Tanga, naongea kama mwalimu wa msingi miaka thelathini na mbili. Nimepokea watoto wa aina hii. Mmoja alikuja darasa la nne kutoka huko huko kwenu. Hesabu aliwapita wote, mimi mwenyewe alinifanya nijiandae. Lakini nikisema "chukua kijiko" ananitazama. Wenzake wakamwita Mchina mpaka jina lake likapotea. Alikaa muhula mzima haongei, mchana anainamisha kichwa kwenye dawati analala, tukadhani mgonjwa, kumbe ndivyo alivyozoeshwa shuleni kwake. Bibi anayesema "mrudisheni" mpeni heshima yake, ila muulizeni mtoto atarudi kwa nani, lini, na ataandika mtihani wa mwisho wa msingi kwa lugha gani.

BabaZai_Xiaobei
Shikamoo mwalimu. Hapo umenigusa. Wangu Kiswahili anaelewa, kujibu anajibu Kichina.

Kontena40
Wachina wanatangaza Kiswahili redioni kwao tangu 1961, wewe nyumbani kwako kimekushinda.

MamaLayla_Foshan
Usimcheke. Sisi tuna sheria: ukivuka mlango viatu nje na Kichina nje. Mkubwa anatii, mdogo anavua viatu tu.

Yiwu_Damu
Mimi bado nasema Kichina ndiyo mtaji. Kiingereza kila mtu anacho.

Dogo_wa_Wuhan
Kaka, ukimaliza la tisa huku kuna zhongkao, mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Huo mtihani unawaliza Wachina wenyewe. Baba Zai, utakuwa huku mpaka wakati huo? Kama miaka mitatu unarudi nyumbani, basi Kiingereza ni muhimu.

BabaZai_Xiaobei
Kwa kweli sijui. Kila mwaka tunasema huu wa mwisho. Aprili 2020, wakati wa korona, tulishafunga mabegi, wenzetu mtaani wanafukuzwa kwenye vyumba na hoteli, na tukabaki.

Kontena40
Hebu ngoja. Hakuna aliyeuliza hili. Mtoto kazaliwa tarehe ngapi?

BabaZai_Xiaobei
14 Septemba. Anatimiza sita mwaka huu.

Kontena40
Mkuu!! Mwisho ni 31 Agosti. Lazima awe ametimiza sita siku hiyo. Wiki mbili zimemwangusha. Shule ya serikali ni mpaka mwaka kesho, hakuna mjadala.

MamaLayla_Foshan
Subhanallah. Na mimi nimeandika yote yale.

BabaZai_Xiaobei
Kumbe. Ile shule ya lugha mbili mbona walisema hakuna shida?

Mzee_wa_Fapiao
😂 😂 Walisema kabla au baada ya kukutajia pesa ya kushika nafasi?

BabaZai_Xiaobei
Ngoja nimwite mama Zai asome hapa. Narudi.

Mwl_Mstaafu_Tanga
Mwaka mmoja mnao basi. Mfundisheni "kijiko".

Yiwu_Damu
Wakati tunamsubiri, kuna anayetoka Dar wiki hii? Nahitaji sembe kilo tano na dagaa wa Kigoma. Unga wa mahindi wa huku ni wa njano, ugali unatoka kama keki.

Kontena40
Sembe labda. Dagaa forodha wakiwaona wanawatupa, na wewe unabaki unajaza fomu.

MamaLayla_Foshan
Yiwu_Damu, si ulisema Yiwu kuna kila kitu?