Nimeseti nyuzi 80, maziwa yameshika chini: mwongo ni jiko au kipimajoto?

Mama Mtindi, Iringa

Wadau wa jikoni, za jioni. Naombeni msaada kabla sijalirudisha hili jiko kwenye boksi lake.

Natengeneza mtindi wa kuuza, lita 5 kwa siku, naupeleka maduka mawili hapa mjini. Miaka yote nimetumia mkaa, na mkaa nilikuwa naujua: natoa makaa mawili, nafunika mengine majivu, nikiona mvuke umeanza kucheza juu ya maziwa najua tayari. Mwezi uliopita nikanunua jiko la indaksheni la mezani, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, wati 2000. Lina kitufe cha joto: 60, 80, 100, 120, linapanda hivyo hadi 240. Nikasema kubahatisha basi.

Maziwa nayataka nyuzi 85 kwa nusu saa, ndipo yanaganda mazito bila kutoa maji. Yakipoa hadi 43 natia mtindi wa jana wa kuanzishia. Jiko halina 85, nikaseti 80. Jumatatu likakata moto mapema, nikatia kipimajoto nakuta 64. Jumatano, 80 ileile, maziwa yakashika chini, yananuka moshi. Lita 5 zote nikampa mbwa wa jirani, na mbwa mwenyewe alinusa kwanza.

Kipimajoto nacho sikiamini. Nilikijaribu kwenye maji yanayotokota, kikasoma 95. Kila mtu anajua maji yanachemka kwa 100. Sasa nimwamini nani?

Fundi Koili

Dada, hizo siku mbili ulitumia sufuria moja?

Mama Mtindi, Iringa

Hapana. Jumatatu ile nene ya stenlesi. Jumatano ilikuwa na maharage, nikachukua nyembamba ya zamani, kitako chake kimebonyea kidogo. Ila zote zinanasa sumaku, nilihakikisha.

Fundi Koili

Hapo ndipo penyewe. Nimefungua majiko ya namna hiyo mengi. Chini ya kioo kuna koili ya waya, na katikati yake kuna sensa ndogo ya kupima joto, kama punje ya mpunga, imebanwa kwenye kioo kutokea chini. Hiyo ndiyo inayosoma "80". Haijui kama kuna maziwa, haijui hata kama kuna sufuria nene au nyembamba. Inasoma kioo tu.

Jumatatu kitako kilikaa vizuri kwenye kioo. Kitako hupata moto kabla ya maziwa, kioo kikafika 80, jiko likakata, wakati lita 5 za juu bado zina 64. Jumatano kitako kilichobonyea hakikugusa kioo pale katikati. Sensa ikaona kumepoa, ikaendelea kusukuma moto, maziwa ya chini yakaungua. Jiko ni lilelile, uongo wa aina mbili.

Kuna na jambo la pili. Weka wati 300 kisha tega sikio. Utalisikia linavuma sekunde tatu, linanyamaza saba, linavuma tena. Majiko mengi ya bei ya chini hayawezi kutoa moto mdogo mfululizo. Yanatoa wati 1000 kamili kwa vipande vipande, ukigawa unapata 300. Kwa maharage hakuna neno. Kwa maziwa kwenye sufuria nyembamba, kila likivuma ni kama umeyachoma pasi.

Mpishi wa Muscat

Nathibitisha maneno ya fundi. Hapa hotelini tunalo jiko la indaksheni la Control Freak, la kampuni ya Breville. Sensa yake imetokeza juu ya kioo na inagusa kitako chenyewe, tena ina kijiti kingine cha kutumbukiza ndani ya chakula. Unaiambia 85 inakaa 85, kuanzia 30 hadi 250, nyuzi moja moja. Lakini inazidi dola 1,000, mama. Kwa hela hiyo nunua ng'ombe.

Fanya hivi: sufuria kubwa ya stenlesi yenye maji, ndani yake weka ya maziwa, chini yake tandika kitambaa kilichokunjwa ili zisigusane. Usitumie kitufe cha joto kabisa, tumia cha wati. Jiko livume lisivume, maji hayaachi maziwa yaungue. Na ya ndani inaweza kuwa hata ya alumini, maana inayopokea sumaku ni ya nje.

Mwalimu, Mbeya

Msikitupe hicho kipimajoto! Iringa mko kama mita 1,500 juu ya bahari. Huko maji yanachemka karibu na 95, hapa kwangu Mbeya chini ya hapo kidogo. Ile 100 ni ya watu wa Tanga na Dar. Kipimajoto chako kiko sawa, na njia ya mpishi inakufaa wewe kuliko sisi wote: maji ya nje yakichemka hayapandi tena, hata ukiacha wati 2000. Maziwa ya ndani, yakiwa wazi juu, yatabaki chini ya hapo kidogo. Sasa 85 iko mbali?

Mama Mtindi, Iringa

Mwalimu, shikamoo. Kumbe nilikuwa namshuku asiye na kosa.

Nimefanya leo asubuhi. Lita 5 kwenye sufuria ya alumini ya marehemu mama, niliyokuwa nimeiweka kabatini kwa sababu ya jiko hili. Wati 2000 mpaka maji ya nje yalipochemka, kisha nikashusha hadi 800. Kuanzia kuwasha mpaka maziwa kufika 85 ni dakika 50, kwa mkaa nilizoea 30. Yalipofika 88 yakagoma hapo, nusu saa nzima, na mimi nimekaa namenya vitunguu. Chini sikukuta hata utando.

Fundi, kweli linavuma na kunyamaza, nimehesabu. Mara ya kwanza nilidhani ni friji.

Mpishi, nikitaka kupika lita 10 kwa mkupuo mmoja, ya nje iwe ya lita ngapi, na hicho kioo kitabeba?

Mpishi wa Muscat

Ya nje lita 20, lakini uzito huo usiuweke kabla hujasoma kijitabu cha jiko, kina kipimo cha mwisho. Kama hakiruhusu, pika tano mara mbili. Maji ya nje yatakuwa bado ya moto, ya pili haitachukua dakika 50.