Ombi la ushauri: Kulazwa kutamsaidiaje kaka yangu aliyebaki na kiwewe?

Dada wa Njoro
Ndugu zangu, kaka yangu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kuokoa watu Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, Januari 2009, lori la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu mia moja. Tangu wakati huo, harufu ya petroli humtetemesha, usingizi hukatika, na barabara ya Molo haipiti. Ameanza ushauri nasaha wa kila wiki na kuuacha, kila mara pale anapotakiwa kusimulia moto wenyewe. Sasa daktari anashauri alazwe wiki kadhaa katika kituo maalumu. Mama anauliza: ikiwa kuzungumza kumemshinda akiwa nyumbani, kukaa kwa wageni kutabadilisha nini?

Muuguzi, Kisumu
Pole sana, dada. Anaponusa petroli, mwili wake hushtuka kana kwamba moto umewaka upya. Akiondoka hupata nafuu, na nafuu hiyo humfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, hivyo hapati nafasi ya kugundua kwamba harufu peke yake haiunguzi. Tiba iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Edna Foa wa Marekani huuvunja mzunguko huo: mgonjwa husimulia tukio kwa sauti, tena na tena, katika vipindi vya takriban saa moja na nusu, na kati ya vipindi huyakaribia kidogo kidogo mambo salama anayoyaepuka, kama vile kusimama karibu na kituo cha mafuta. Akionana na mtaalamu mara moja kwa wiki, ana siku sita za kujificha, na hofu huweza kujijenga upya. Katika kituo, kipindi kingine kinaweza kuwa kesho yake, na usiku mbaya ukimjia yupo mtu macho wa kukaa naye. Kitanda chenyewe hakiponyi. Ulizeni kwanza ni tiba gani inayotolewa hapo, na kaka mwenyewe aridhie.

Mzee wa Kakamega
Binti yangu, naongeza jambo la lawama. Aliyekwenda kuokoa huwakumbuka zaidi wale ambao hakuweza kuwavuta. Ipo tiba ya mwanasaikolojia Patricia Resick, mara nyingi ya vipindi 12, inayomsaidia mtu kuipima fikra kama “ningerudi mara moja zaidi” dhidi ya yale aliyoweza kuyajua na kuyatenda dakika ile. Akiwasikia wenzake kituoni wakijihukumu vivyo hivyo, huweza kuona udhalimu wa hukumu hiyo upesi kuliko akiwa peke yake.

Dada wa Njoro
Asanteni sana. Je, akirudi nyumbani tumkinge na harufu hizo?

Muuguzi, Kisumu
La, dada, msimkinge. Mkimwondolea kila kinachomshtua, mtamrudisha katika kukimbia. Afadhali mmoja wenu afuatane naye anapofanya mazoezi aliyopewa. Msimpe pombe wala vidonge vya usingizi kwa ushauri wa jirani. Kabla hajaingia, hakikisheni kituo kimetaja mtaalamu wa Nakuru atakayeendelea naye baada ya kuruhusiwa, na tarehe ya miadi ya kwanza.