Je, meneja anayependa kuongoza anaweza kweli kugawana uongozi?

Msimamizi wa Ghala, Tabora
Ndugu zangu, ninasimamia ghala la asali lenye wafanyakazi saba. Nafasi hii niliitaka sana, sifichi, na tangu nikabidhiwe nimekuwa nikiwahimiza wenzangu waamue mambo bila kunisubiri. Hata hivyo, ikiletwa ndoo yenye asali nyepesi, yaani yenye maji mengi, wote hunitazama mimi niamue kama tuipokee. Tatizo ni lao, au hamu yangu ya kuongoza ndiyo inayowanyamazisha?

Nyuki wa Sikonge
Kaka, hamu peke yake si kosa. Watafiti Chan na Drasgow, walioandika kuhusu ari ya kuongoza mwaka 2001, waliigawa katika sura tatu: yupo anayeongoza kwa sababu anajiona kiongozi na anaifurahia kazi hiyo, yupo anayeongoza kwa kuona ni wajibu wake, na yupo anayekubali kuongoza bila kupiga hesabu ya atakachopata au kupoteza. Mtu mmoja huweza kuwa nazo zote kwa viwango tofauti. Nionavyo mimi, sura ya kwanza humpa meneja nguvu ya kuanzisha mambo, lakini ikikosa ile ya tatu, kila uamuzi wa mwenzake atauona kama kitu alichonyang'anywa.

Mama Ipuli
Mimi nilimpata meneja wa upande wa pili, asiyeutaka uongozi kabisa. Kila siku alisema "amueni wenyewe", nasi tukadhani huko ndiko kugawana, kumbe alikuwa amejitoa. Wawili wetu walipogombana kuhusu bei msimu wa mavuno, hakutokea, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuamua lolote. Afadhali wewe, unautaka.

Mzee wa Mizinga
Ndugu msimamizi, kipimo cha unyevu hushikwa na nani? Kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni unyevu usiozidi asilimia 20, kwa hiyo uamuzi huo unahitaji kipimo, hauhitaji cheo. Mwachie mpokeaji, na akikataa ndoo, usimpindue mbele ya mrina asali.

Msimamizi wa Ghala, Tabora
Mzee wangu, kipimo hukaa kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo ninatembea nao. Kesho nitamkabidhi mpokeaji. Ninachohofia ni ndoo za shemeji yangu, ambaye hurina mapema kila mwaka, asali ikiwa bado nyepesi.